Wikiendi Ilfracombe: Kikombe Kidogo Kilichotufungua Midomo

Nianze kwa kuungama. Nilipopanda ndege Dar mwezi wa tisa mwaka jana kwenda kumwona shemeji yenu, begi langu lilijaa vitu alivyoniagiza: ubuyu wa Zanzibar, viungo vya pilau, kahawa ya Bukoba na khanga za kutandika kitandani. Kitu kimoja hakukiagiza wala hakukijua. Kilikuwa ndani ya simu yangu, barua pepe ya ofisini, na nilikuwa nimeshaisoma si chini ya mara ishirini.

Shemeji yenu yuko Bristol, Uingereza, anasomea shahada ya uzamivu katika uhandisi. Tumeoana miaka minne, na miwili kati ya hiyo tumeishi kwenye kioo cha simu. Wenye ndoa za mbali mnanielewa. Mnaanza kwa kusimuliana kila kitu, hadi mlichokula. Baada ya muda mnasimuliana mlichokula tu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nimeteuliwa kuwa meneja wa tawi letu moja Mwanza, jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Na yeye tangu Januari alikuwa na swali moja: "Lini unakuja mazima?" Mama yangu Tanga alishatoa hukumu yake: "Mwanangu, mume hafugwi kwa simu."

Nikajiambia nitamweleza uso kwa uso. Siku ya kwanza nikasema kachoka na masomo. Siku ya pili nikasema nimechoka mimi na safari. Siku ya tatu akaniwahi: "Mke wangu, jiandae. Wikiendi hii nakupeleka kwenye matumbawe."

Nilicheka hadi machozi. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekua naona watu wakichoma matumbawe kupata chokaa, nipelekwe kuona matumbawe Uingereza? Kwenye maji yale ya friji?

"We njoo tu," akasema.

Dada wa bandarini

Ilfracombe ni mji mdogo wa pwani, kaskazini mwa jimbo la Devon. Tulipanda treni hadi Exeter, tukabadilisha kwenda Barnstaple, kisha basi likatupandisha na kutushusha vilima hadi baharini. Nyumba zimepangana mlimani kama watu walioketi uwanja wa mpira, zote zinatazama maji. Siku ikiwa safi unaona nchi ya Wales ng'ambo. Siku yetu ilikuwa ya mawingu, upepo unapuliza, na mimi nimevaa makoti mawili wakati Waingereza wanakula aiskrimu.

Bandarini ndipo nilipokutana na dada mmoja aliyenikosesha raha. Ni sanamu, kazi ya msanii Damien Hirst, na imesimama pale tangu Oktoba 2012. Ina urefu wa zaidi ya mita 20. Ni mwanamke mjamzito, kasimama juu ya rundo la vitabu, kainua upanga, na mizani kaificha mgongoni. Ukimtazama upande mmoja ni binti mzuri tu, nywele kazifunga. Zunguka upande wa pili: ngozi imebanduliwa. Unaona fuvu, misuli, na mtoto kajikunja tumboni. Wapo wanaompenda na wapo wasiotaka hata kumwona. Jina lake ni Verity, yaani Ukweli.

Shemeji yenu alimtazama yule mtoto muda mrefu. Hakusema kitu, nami sikusema. Suala la mtoto sisi tulishalipa jina la "tutaona". Tukaenda kutafuta chakula.

Tarumbeta la kuwatenga wapenzi

Asubuhi tulikwenda mahali panapoitwa Tunnels Beaches. Ni fukwe zilizojificha nyuma ya mlima, na njia ya kufika ni mashimo yaliyotobolewa katikati ya mwamba. Waliyachimba wachimba madini kutoka Wales miaka ya 1820, kwa mikono. Unapita humo ndani, maji yanadondoka kichwani, giza na ubaridi, halafu ghafla unatokea baharini.

Waliochimba walitengeneza pia mabwawa ya kuogelea yanayojazwa na bahari yenyewe, moja la wanawake, moja la wanaume. Enzi zile heshima ilikuwa heshima bwana. Wanasimulia kwamba katikati aliketi mtu na tarumbeta. Mwanaume akijaribu kuchungulia upande wa kina mama, tarumbeta linalia.

Shemeji yenu akacheka. "Sisi tarumbeta letu ni mtandao. Kila tukianza kuongea la maana, linakata."

Nami nikacheka, lakini moyoni nilijua si mtandao unaokata siku zote. Mara nyingine nilikuwa nakata mwenyewe.

Tulikuwa tumejiandikisha kwenye matembezi ya kutazama viumbe vya miambani wakati wa kupwa. Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja wa makamo, viatu vya mpira hadi magotini, anajitolea tu kwa mapenzi yake. Alituambia tumekuja siku nzuri, na mimi nikawa mwanafunzi wake bora papo hapo, kwa sababu alichokuwa anakieleza kwetu pwani kina jina: bamvuo. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hujaa sana na kupwa sana. Na bamvuo za mwezi wa tisa na wa tatu ndizo kubwa zaidi.

Lakini bamvuo la huko ni jambo jingine kabisa. Tanga maji yakipanda na kushuka mita 3 au 4 tunasema bahari imekupwa kweli. Ilfracombe yanapanda na kushuka mita 9 hivi. Hebu fikiria nyumba ya ghorofa tatu inazama na kuibuka mara mbili kwa siku! Halafu kwetu kupwa kwa bamvuo huangukia saa nne au saa tano asubuhi, ndipo unawaona kina mama na ndoo wanakwenda kutafuta pweza. Kule ni saa saba mchana. Kwa hiyo tulikuwa na muda wa kutosha wa kuteleza, kuanguka na kuokotana kwenye mawe kabla bahari haijafika chini kabisa.

Kikombe chenyewe

Kwenye ubavu wa mwamba, chini ya paa la jiwe ambako jua halifiki, yule mama alipiga goti na kuwasha tochi. "Hawa hapa."

Mwanzoni niliona mawe yenye ukungu. Kisha nikaona vidoa vya duara, upana wa sentimita 2 hivi, vingine vinakaribia 3, yaani kama kifuniko cha soda. Ukitazama kwa karibu kila kidoa ni kikombe kidogo kilichogandamana na mwamba, na ndani ya kikombe kuna kuta nyembambanyembamba zinazotoka ukingoni kuelekea katikati.

Huyo ndiye tumbawe la kikombe la Devon. Wataalamu wanamwita Caryophyllia smithii, jina alilopewa mwaka 1828. Anapatikana kuanzia Scotland hadi Bahari ya Mediterania, kwenye miamba, kwenye makombe na kwenye meli zilizozama, kuanzia pale maji yanapoishia wakati wa bamvuo hadi kina cha zaidi ya mita 100.

Yule mama akatoa mfukoni kikombe kitupu alichookota ufukweni baada ya dhoruba, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cheupe, kigumu, na nikakitambua mara moja. Ni chokaa! Chokaa ileile ya Tanga, na ileile ya matumbawe yaliyojenga kuta za Mji Mkongwe. Zile kuta za ndani zilinikumbusha meno ya mbuzi ya kukunia nazi, ila zimepangwa duara zima. Na zina hesabu yake. Zinaanza 6 kubwa, katikati ya hizo zinaota 6 nyingine, halafu 12 ndogo zaidi, na kuendelea, kila kizazi kinajibana kwenye nafasi ya kizazi kilichotangulia. Katikati kabisa kuna kijungu cha vipande vilivyosokotwa kama utepe.

Kikombe ni mifupa tu. Mnyama mwenyewe anakaa juu yake, na kwa kweli ni yeye anayekijenga, anatoa chokaa kutoka chini ya mwili wake kidogokidogo. Mwili wake ni laini na unaonyesha kama glasi. Ana mdomo mmoja katikati, na samahani kwa mnaosoma huku mnakula, chakula kinaingia hapo na mabaki yanatokea hapohapo. Hana ubongo wala macho. Kuzunguka mdomo ana mikono midogo myembamba, inaweza kufika 80, na kila mmoja mwishoni una kirungu kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kwenye hivyo virungu ndiko zilikojaa silaha zake: chembe zinazofyatua vijishale vya sumu. Mdudu mdogo anayeelea akipita, ananaswa, anapelekwa mdomoni, kazi imekwisha. Sisi binadamu havitudhuru.

Anayejilisha mwenyewe

Hapo ndipo nikauliza swali la Kitanga. Matumbawe yetu yanapenda jua, yanajaa kwenye maji meupe ya kina kifupi. Huyu anafanya nini gizani?

Jibu lilinikalisha chini. Matumbawe mengi ya kwetu yana mwenza. Ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho. Mwani unatumia jua kutengeneza chakula na kulilisha tumbawe, na tumbawe linaupa makazi. Sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe inatoka kwa huyo mwenza, na hata rangi nyingi za miamba yetu ni za kwake. Ndiyo ndoa iliyojenga miamba yote kuanzia Kenya hadi Mafia na Mtwara. Lakini bahari ikipata joto kupita kiasi, wawili hao wanaachana. Mwani unatoka, tumbawe linabaki jeupe, na joto lisipopungua mapema linakufa njaa. Ilitokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Joto likarudi tena 2016, na tena 2024.

Tumbawe la kikombe halina huyo mwenza. Linajilisha lenyewe, kwa mikono yake. Ndiyo maana linaweza kuishi pangoni, chini ya mwamba au kwenye kina ambako jua ni hadithi. Halijengi miamba mikubwa kama ya kwetu. Linajenga kikombe kimoja, basi. Hata kwetu ndugu zake wapo, wale wa rangi ya chungwa ambao wazamiaji wanawaona kwenye mapango na chini ya miamba ya Zanzibar na Mafia.

Shemeji yenu akanitazama. "Sasa lipi bora? La kwetu au hili?"

Najua alikuwa anatania. Lakini swali liliniingia. Nilifika Uingereza nikidhani mambo ni mawili: ama uwe mke anayeishi kwa mwenzie, ama uwe mwanamke anayejitegemea asiyehitaji mtu. Yule mama bila kujua akaongeza la tatu. Akatuonyesha kikombe kimoja ambacho ukingoni kilikuwa na kitu kama mlima mdogo wa volkano. Kumbe ni mnyama mwingine, ndugu wa wale magamba wanaong'ang'ania chini ya mashua, na aina hiyo hupenda kuishi kwenye ukingo wa tumbawe hili. Mpangaji! Hamlishi mwenye nyumba, wala mwenye nyumba hamlishi yeye. Kila mmoja anakula cha kwake, na bado wako mlango mmoja.

Dakika kumi na kitu

Shida ni kwamba vikombe vyote tulivyoviona nje ya maji vilikuwa vimefunga. Mnyama akikosa maji, au akiguswa, anajivuta ndani katikati ya zile kuta, na unachokiona ni mifupa chini ya ngozi nyembamba. Ungeapa amekufa.

Shemeji yenu akanyoosha kidole. "Si tuchukue kamoja, kawe ukumbusho?"

Yule mama hakuhitaji mkalimani. Akamshika mkono taratibu, akatusimulia kisa. Mwaka 1852 alikuja hapa mtaalamu wa viumbe, Philip Henry Gosse, pamoja na mkewe Emily na mtoto wao mdogo Edmund. Alichungulia miamba hiihii, na ndugu mwingine wa tumbawe hili, mwekundu mwenye mikono ya dhahabu, yeye ndiye aliyemtangaza kwa wataalamu. Mwaka uliofuata, 1853, akachapisha kitabu kuhusu pwani ya Devon. Kilipendwa mno. Watu wakamiminika na nyundo na ndoo, kila mmoja anataka kiumbe cha kuweka kwenye chombo cha kioo sebuleni. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha 1907, Edmund aliandika kwa uchungu jinsi madimbwi aliyoyaona utotoni yalivyoporwa na wale waliompenda baba yake.

"Akishabanduliwa hawezi kurudishwa," yule mama akasema. "Akiwa mchanga huelea popote. Akishakaa mahali, amekaa."

Amekaa. Shemeji yenu akarudisha mkono mfukoni. Nami nikahisi kama nimesemwa mimi.

Akatuonyesha dimbwi dogo chini ya lile paa la jiwe, ambamo maji hayakauki. Kulikuwa na kikombe kimoja, nacho kimefunga kwa sababu tulikuwa tumetikisa maji. "Msiguse. Msiongee kwa fujo. Subirini," akasema, akaenda kuwaangalia wengine.

Basi tukachuchumaa, mabega yamegusana, mtu na mkewe wanatazama kifuniko cha soda. Dakika moja. Mbili. Sijui mara ya mwisho tulikaa lini kimya bila mmoja wetu kuangalia simu. Dakika ya tano hivi nikasema, bila kumtazama: "Wamenipa umeneja. Mwanza. Nimejua kabla sijaja."

Hakujibu. Nikaona kidole chake kinachora mstari kwenye jiwe. Kisha akasema: "Na mimi wameniuliza kama nitabaki. Nikimaliza. Miaka miwili ya utafiti. Niliogopa kukwambia kwa sababu ungesema hapana."

"Ningesema hapana kweli."

"Ndiyo maana."

Nilikasirika, yaani moyo ulinipanda hadi kooni. Mwenzangu ananiuliza kila siku nakuja lini mazima, kumbe ameshapanga mazima yenyewe ni wapi! Halafu nikakumbuka barua yangu, hasira ikakosa pa kukaa.

Na hapo chini kikombe kikaanza kufunguka. Kwanza ukingo ulivimba, ukawa kama jeli. Kisha zikachomoza ncha, moja moja, vile virungu vyeupe, hadi mikono yote ikawa nje inacheza na maji. Katikati, kuzunguka mdomo, palikuwa na pete ya kahawia ya mistari ya msumeno, kama mtu kaichora kwa hina. Ile mifupa tuliyoidhania imekufa ikawa ua.

Hatukusema kitu. Yule mama akapiga filimbi, maji yanarudi, na bahari ile haina subira.

Baada ya hapo

Sitawadanganya kwamba tulitoka pale tumeshikana mikono. Tulipita kwenye lile shimo la mlimani kila mmoja na lake. Tulikula chipsi bandarini chini ya yule dada Ukweli, ndege wa baharini wanatunyemelea, ndipo tukaanza kuongea, na tuliongea hadi usiku. Tulilia pia. Mimi nilikubali kwamba nilificha barua kwa sababu nilishafanya uamuzi, nikataka tu baraka. Yeye alikubali kwamba swali la "lini unakuja" lilikuwa rahisi kuliko kusema "naogopa kurudi bila kazi".

Jumatatu nilijibu ndiyo. Yeye aliomba muda wa kufikiri kuhusu ile miaka miwili, na mpaka leo bado tunaijadili, ila tunaijadili wote. Tulikubaliana jambo moja tu la maana: hakuna tena kuuliza nani anamfuata nani kama mtihani wa mapenzi. Mama yangu bado hajaridhika. Atazoea.

Makala hii naiandika Mwanza, mbali na bahari zote. Mwezi wa tatu mwaka huu, bamvuo lilipofika, shemeji yenu alirudi Ilfracombe peke yake. Akanipigia video kutoka chini ya lile paa la jiwe, picha inagandaganda.

"Yupo?" nikauliza.

"Yupo. Lakini kafunga."

"Basi subiri."

Tukasubiri.

DONDOO: Ukitaka kwenda

*Usafiri:* Treni hadi Exeter, badilisha kwenda Barnstaple, kisha basi hadi Ilfracombe. Kutoka Bristol tenga nusu siku.

*Wakati:* Chagua siku za bamvuo, hasa Machi au Septemba. Tazama jedwali la maji kwanza. Shuka maji yakiwa yanapwa, ondoka mara yanapogeuka. Mita 9 si mchezo.

*Kiingilio:* Tunnels Beaches wanatoza, na hawafungui mwaka mzima. Uliza kabla ya kusafiri.

*Chukua:* Viatu visivyoteleza, tochi ndogo, koti la mvua, na mtu mnayedaiana mazungumzo.

*Usichukue:* Kiumbe chochote kilicho hai. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa. Ukumbusho ni picha.